Leza yaionyesha radi njia, lakini mvuvi wa Sio Port bado ategemea tahadhari

SIO PORT ni mji mdogo wa wavuvi kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, katika eneo la Samia, Kaunti ya Busia, karibu na mahali ambapo Mto Sio huingia ziwani baada ya kuandamana na mpaka wa Kenya na Uganda. Kazi ya wavuvi wa omena, samaki ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, hufanywa usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo. Taa za karabai, na siku hizi taa za sola, huelea juu ya maji ili kuwavuta samaki hao wadogo waingie wavuni.

Saa hizo hizo ndizo ambazo ziwa huandaa radi. Mvuvi aliyeketi ndani ya mtumbwi wa mbao, maji yakiwa yamemzunguka pande zote, huwa ndicho kitu kirefu zaidi katika eneo kubwa, naye hana paa, hana ukuta wala mti wa kumtangulia. Ndiyo maana habari kwamba wanasayansi wamefaulu kuielekeza radi kwa kutumia mwanga wa leza inastahili kusikilizwa kwa makini hata katika fuo za Samia. Aidha, inafaa ieleweke bayana leza hiyo inaweza nini, haiwezi nini, na mvuvi afanye nini wakati akiisubiri.

RADI NA PLAZMA

Wanafunzi hufundishwa kwamba vitu vina hali tatu: yabisi, kioevu na gesi. Ipo hali ya nne, nayo huitwa plazma. Gesi inapopewa nishati nyingi mno, elektroni hunyofolewa kutoka kwa atomu na molekuli zake. Hapo gesi hiyo, ambayo awali ilikuwa kizuizi cha umeme, hugeuka kuwa njia ya kuupitisha. Jua ni plazma. Mwanga ndani ya mrija wa taa ya fluoresenti ni plazma. Cheche ya fundi wa kuchomelea vyuma katika jua kali ya Busia au Malaba nayo pia ni plazma.

Radi ni mfano mkubwa wa plazma ambao binadamu huushuhudia hewani kwa macho yake. Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu na mvua ya mawe hugongana zikipandishwa na kushushwa na upepo, na chaji za umeme hutengana: aghalabu chanya hukusanyika juu na hasi chini. Hewa ya kawaida huzuia umeme kwa nguvu nyingi. Karibu na ardhi, huhitajika takribani volti milioni tatu kwa kila mita ili hewa ivunjike na kuupitisha. Ndani ya mawingu, radi huanza hata kabla ya kiwango hicho kufikiwa, kisha hujitafutia njia hatua kwa hatua, ikitangulizwa na tawi jembamba la plazma linalotambaa kutoka winguni kwenda chini, au kutoka kwenye kitu kirefu kwenda juu.

Njia hiyo ikikamilika, mkondo wa umeme wa makumi ya maelfu ya ampea hupita. Joto la njia hiyo hufikia takribani nyuzi 30,000 za Selsiasi, ambalo ni zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa joto ghafla namna hiyo hutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo.

ZIWA LIPIGWALO NA RADI USIKU

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita 68,800 za mraba, na ukubwa huo unalifanya lijitengenezee hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara, ukapanda kwenye miinuko, na alasiri ngurumo husikika Kakamega, Nandi na Kisii. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo zikikutana juu ya maji hulazimika kupaa, nazo hujenga mawingu marefu yenye radi kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Setilaiti zimethibitisha jambo hilo. Chombo cha kuhesabu miale ya radi kilichokuwa kwenye setilaiti ya TRMM, iliyorushwa mwaka 1997 na kufanya kazi hadi 2015, kilionyesha kwamba eneo la maziwa makuu ya Afrika ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi kwa wingi zaidi duniani, na kwamba juu ya Ziwa Victoria kilele chake ni usiku. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walichapisha utafiti uliotahadharisha kwamba dhoruba kali kupindukia juu ya ziwa hilo zitaongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Waligundua pia jambo lenye manufaa ya moja kwa moja kwa mvuvi: dhoruba kali za alasiri katika nchi zinazolizunguka ziwa ni ishara kwamba huenda usiku utakaofuata ziwa likachafuka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mvuvi wa ziwa hili, dalili ya usiku inaweza kuonekana mchana, tena bara.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria. Wengi huzamishwa na upepo na mawimbi, lakini mawingu yanayoleta upepo huo ndiyo hayo hayo yaletayo radi.

NAMNA LEZA INAVYOUNDA PLAZMA HEWANI

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Tofauti na mwanga wa taa unaotawanyika, mwanga wa leza husafiri kama askari walioshika hatua moja, na kwa hiyo unaweza kukusanywa mahali padogo sana. Mwaka 1985 Gérard Mourou na Donna Strickland walibuni mbinu ya kuzalisha mipigo mifupi mno ya leza yenye nguvu kubwa bila kuharibu mtambo wenyewe. Mpigo hurefushwa kwanza, ukakuzwa nguvu, kisha hubanwa tena. Kwa kazi hiyo walitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Mpigo wa namna hiyo ukiachiliwa hewani, mambo mawili hushindana. La kwanza ni kwamba mwanga mkali mno huifanya hewa yenyewe iwe kama lenzi. Katikati ya mwale, ambapo mwanga ni mkali zaidi, mwendo hupungua kidogo kuliko pembeni, na mwale hujikunja kuelekea ndani hadi ukawa mwembamba. La pili hutokea ukali huo unapozidi. Molekuli moja ya oksijeni hupokea kwa pamoja nishati ya chembe za mwanga zipatazo kumi, ikanyofolewa elektroni, na plazma ikazaliwa. Plazma hiyo nayo huwa lenzi ya kinyume, inayoutawanya mwale.

Nguvu hizo mbili zikilingana, mwanga husafiri mbali ukiwa uzi mwembamba wenye unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na unywele. Nyuma yake huacha mstari wa plazma hewani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Mourou akiwa miongoni mwao, walieleza jambo hilo mwaka 1995. Nyuzi hizo zinaweza kuwa na urefu wa mita nyingi, na kila mpigo hutoa sauti ndogo ya kupasuka, kwani hewa iliyopashwa joto hutanuka ghafla. Ni ngurumo ile ile ya radi, ila imepunguzwa mno.

KUUNDA NI RAHISI, KUDHIBITI NI KAZI

Plazma ya namna hiyo haidumu. Katika uzi wa mwanga ni molekuli moja tu kati ya maelfu kadhaa inayopoteza elektroni, na elektroni hizo hunaswa tena katika muda wa mabilioni machache ya sehemu za sekunde. Radi haiwezi kuingoja, wala plazma hiyo haiwezi kuingoja radi. Basi udhibiti una maana ya mambo matatu: kuchagua plazma ianzie wapi, ifike umbali gani, na athari yake ibaki kwa muda gani.

Mahali pa kuanzia huchaguliwa kwa kuukusanya mwale kwa vioo vya darubini, au kwa kubadili urefu wa mpigo ili ufikie ukali wake kamili baada ya kusafiri umbali uliokusudiwa. Umbali hutegemea nguvu ya mpigo na upana wa mwale unapoondoka. Suala la muda ndilo lililokuwa gumu zaidi. Ufumbuzi ulipatikana watafiti walipotambua kwamba plazma yenyewe si kitu cha pekee kinachoachwa nyuma. Joto lake huisukuma hewa kando, na mstari wa hewa nyepesi hubaki kwa muda mrefu zaidi, hadi karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika hewa nyepesi elektroni hukimbia mbali zaidi kabla ya kugonga kitu, na umeme hupita kwa urahisi. Mipigo ikifuatana kwa kasi ya kutosha, mpya hufika kabla njia ya uliotangulia haijazibika.

Udhibiti huo umezaa matumizi mengine pia. Leza ikilengwa kwenye jiwe, plazma inayofoka hutoa rangi zinazoonyesha metali zilizomo. Gari la Curiosity, lililotua katika sayari ya Mirihi mwezi Agosti 2012, hutumia njia hiyo kuchunguza miamba kutoka umbali wa hadi mita saba. Hapa Kenya, watafiti wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wametumia mbinu hiyo hiyo kuchunguza sampuli za mazingira, na walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Sayansi hii, kwa hiyo, si ngeni kabisa katika maabara za humu nchini.

JARIBIO LA MLIMA SÄNTIS

Wazo la kuongoza radi kwa leza ni la tangu miaka ya 1970. Watafiti wa Japani walijaribu katika miaka ya 1990 kwa leza kubwa za mipigo mirefu. Mwaka 2004 kundi la Wafaransa na Wajerumani lilipeleka leza yake ya kubebwa kwa kontena hadi mlimani katika jimbo la New Mexico, Marekani. Leza hiyo ilichochea shughuli ndogo za umeme mawinguni, lakini haikuongoza radi. Ilikuwa ikitoa mipigo michache tu kwa sekunde.

Mafanikio yalipatikana nchini Uswisi. Juu ya Mlima Säntis, wenye kimo cha mita 2,502, upo mnara wa mawasiliano wenye urefu wa mita 124 ambao hupigwa na radi takribani mara 100 kwa mwaka. Kiangazi cha 2021, kundi lililoongozwa na Aurélien Houard wa Ufaransa na Jean-Pierre Wolf wa Chuo Kikuu cha Geneva liliweka kando ya mnara huo leza yenye uzito wa zaidi ya tani tatu. Leza hiyo ilitoa mipigo 1,000 kila sekunde, kila mpigo ukiwa na nishati ya takribani nusu ya jouli. Kwa wastani nguvu yake ilikuwa kama wati 500, pungufu ya pasi nyingi za umeme za nyumbani. Hata hivyo, kwa kuwa kila mpigo ulidumu takribani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, nguvu yake katika muda huo ilikaribia nusu ya wati trilioni.

Mwale ulielekezwa upite karibu na ncha ya mnara na kuunda nyuzi zake juu ya ncha hiyo. Kati ya Julai na Septemba 2021 leza iliwashwa kwa zaidi ya saa sita wakati wa dhoruba, na radi nne zilipiga leza ikiwa kazini. Moja ilipigwa picha na kamera za kasi kubwa, ambazo zilionyesha kwamba radi hiyo iliufuata mwale wa leza kwa umbali wa zaidi ya mita 50 kabla ya kushika njia yake yenyewe. Matokeo yalichapishwa Januari 2023 katika jarida la kisayansi la Nature Photonics. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa radi ya kweli kuthibitishwa kwamba imeongozwa kwa leza, na hata ukungu haukuizuia.

MIPAKA YA UGUNDUZI

Fimbo ya chuma ya kukinga radi, ambayo Benjamin Franklin aliipendekeza katikati ya karne ya 18, hulinda eneo linalolingana kwa kukadiria na urefu wake. Kiwanja cha ndege au kituo cha kurushia roketi hakiwezi kuzungushiwa minara ya mamia ya mita. Leza huirefusha fimbo hiyo kwa mwanga badala ya chuma, na hapo ndipo manufaa yake yanapotarajiwa.

Hata hivyo, radi zilizoongozwa Säntis zilikuwa zile zinazoanzia kwenye ncha ya mnara na kupanda juu. Radi zinazowaua watu mashambani na ziwani aghalabu hushuka kutoka winguni. Aidha, leza yenyewe haibebi mkondo wa radi hadi ardhini. Bado lazima pawepo mnara na waya wa kuupeleka umeme udongoni, na anga yake ifungwe kwa ndege. Ziwani hakuna mnara. Mvuvi wa Sio Port akiambiwa kwamba Wazungu wameifunga radi kamba, na aamini kwamba wameifunga kwa mita 50, juu ya mlima mmoja.

KINGA ILIYOPO LEO

Hasara ya kutokuwa na kinga inafahamika vyema ng'ambo ya mpaka. Juni 28, 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Novemba 2, 2024, watu 14 waliuawa na wengine 34 wakajeruhiwa katika makao ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Shirika la ACLENet, lenye makao yake Kampala, limekuwa likiziwekea shule za Uganda fimbo na nyaya za kukinga radi, na Runyanya ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kupata kinga hiyo. Hakuna leza hapo. Ni chuma kilichowekwa juu ya jengo na kuunganishwa kwa waya mnene hadi kwenye udongo. Paa la bati peke yake, bila waya wa kufika ardhini, si kinga.

Kwa ziwa lenyewe, mradi wa HIGHWAY ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia mwaka 2017 uliziwezesha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania kuboresha utabiri wa upepo, mawimbi na dhoruba kwa ajili ya wavuvi. Taarifa hiyo ikimfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi majini, huwa na thamani kuliko chombo chochote atakachokuwa nacho akiwa katikati ya maji.

Akiwa tayari ziwani, hesabu yake ni rahisi. Mwanga wa radi huonekana papo hapo, ilhali sauti husafiri kilomita moja kwa takribani sekunde tatu. Ikiwa kati ya mmweko na ngurumo zinapita sekunde 30, radi iko umbali wa kama kilomita 10, nayo inaweza kuruka umbali huo. Huo ndio wakati wa kurudi ufuoni, wala si wakati wa kuvuta wavu mara moja zaidi. Mvuvi asiyeweza kufika hupunguza urefu wake kwa kushusha mlingoti na kuketi chini ndani ya mtumbwi, mikono ikiwa mbali na maji na vyuma. Jambo hilo hupunguza hatari, haliiondoi. Kurudi ziwani kunafaa baada ya dakika 30 kupita bila ngurumo.

Nchi kavu, ndani ya gari lenye bodi na paa la chuma ni salama, kwani umeme hupita kwenye bodi na kumzunguka aliye ndani. Dereva wa lori katika msururu wa Malaba, akiwa amefunga madirisha ya kabati lake, yu salama kuliko mchuuzi aliyejikinga chini ya mti kando ya barabara hiyo hiyo.

IMANI NA AJALI

Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa na adui, na kwamba aliyepigwa asiguswe. Fizikia ya plazma inaonyesha kwamba radi hufuata hewa iliyo tayari kupitisha umeme na vitu virefu vilivyo karibu. Haimtambui mtu kwa jina wala ukoo. Imani ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mara nyingi kinachomuua ni moyo kusimama na pumzi kukatika, na wapo wanaonusurika iwapo aliye karibu ataanza mara moja kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kumpulizia pumzi hadi msaada ufike. Ikiwa wengi wamepigwa kwa pamoja, wasiopumua ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Huenda siku moja leza zikasimama kando ya viwanja vya ndege na mitambo ya umeme, zikiichorea radi njia ya kupita bila madhara. Hadi hapo, kinga ya mvuvi wa Sio Port imo katika kusikiliza utabiri wa jioni, kuyatazama mawingu ya alasiri upande wa bara, na kukubali kuukosa usiku mmoja wa omena ili aweze kuingia ziwani usiku utakaofuata.